Sekunde Ishirini za Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa, na katika miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwahi kumwona akikimbia. Hakuwahi kukimbilia basi, hakuwahi kukimbia mvua. Siku jiko liliposhika moto, aliweka chini koleo yake ndogo, akaifunika saa ya mteja isiingie vumbi, ndipo akaja kuuliza kama nimemwita. Wakati huo nilikuwa nimeshauzima moto mwenyewe na nyusi zangu mbili zimebaki moja na nusu. Kwa hiyo ungeniambia mwaka jana kwamba mtu huyuhuyu atapanda ngazi mbio asubuhi amevaa bukta, ningekuombea dua upone. Na bukta yenyewe nikaja kuishona mimi.

Tunafanya kazi chumba kimoja, chini kabisa ya jengo tunaloishi. Upande wa dirisha ni cherehani yangu, upande wa ukuta ni meza yake. Fundi, ndivyo ninavyomwita hata nikiwa nimemkasirikia, hukaa hapo amejikunja, kioo kimemng'ang'ania jichoni, anachokonoa vitu vidogo kuliko chawa. Ukutani juu ya meza kuna safu mbili za misumari. Saa zinazoumwa zinafungwa uzi mwekundu na kutundikwa safu ya juu. Zilizopona zinafungwa uzi mweupe, safu ya chini. Haandiki kitu, hakumbuki saa gani aliifungua lini, anaangalia uzi basi. Uzi natoa mimi. Ushike vizuri huo uzi, maana ndio uliokuja kututokea puani.

Nyumbani ni ghorofa ya tano, vidato tisini. Najua ni tisini kwa sababu lifti ilikufa miaka mitatu iliyopita na hakuna aliyeizika. Mama mkwe wangu tunaishi naye. Alikuwa akishuka na kupanda mwenyewe kila siku, akitukana kila ghorofa tusi lake, mpaka mwaka jana nyonga ilipogoma. Daktari akasema ndani atembee na mkongojo wake, ngazi asizikaribie. Tangu hapo mama wa watu akawa wa juu kama antena.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza yetu ya juu, palikuwa na kibanda cha Mama Vifungo. Anauza vifungo, zipu, sindano na uzi, na mimi ni mteja wake wa kila siku. Yeye na mama mkwe ni marafiki wa miaka arobaini. Huyu nyonga imegoma, yule magoti yamekwisha, kizingiti tu anakipanda kwa kumtaja Mungu. Basi mama mkwe alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba, Mama Vifungo anavuka barabara, anatia umbea ulioandikwa kwenye karatasi, kikapu kinapanda. Simu wanazo. Lakini Mama Vifungo alikuwa akisema simu ni ya kuambiwa msiba, mtu wako unatakiwa umwone meno.

Siku moja akaja dukani kwetu, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kununua kitu.

"Binti yangu ananichukua nikaishi kwake," akasema. "Ni mbali, siku nzima njiani. Kibanda nafunga. Zimebaki wiki sita."

Nikamwambia nimefurahi, kumbe sijafurahi hata kidogo.

"Mwambie shoga yangu ashuke tuagane," akasema. "Mimi huko juu sifiki tena hapa duniani. Na nikiondoka sirudi, tusidanganyane."

Nilipopeleka ujumbe, mama mkwe alichukua mkongojo wake. Alikwenda barazani, akaanza kuviringisha ile kamba ya kikapu, ikafika mwisho, akaiviringua, akaanza tena. Nikajua kazi ipo.

Kwanza walikuja majirani wanne, wanaume wa haja, wakamweka kwenye kiti wakambeba kama wanahamisha sofa. Kufika ghorofa ya nne, wa nyuma akapiga chafya. Kiti kikainama, mama mkwe akabaki anautazama mwisho wa ngazi uso kwa uso. Maneno aliyoyatoa pale sitayarudia, lakini mmoja wa wale wanaume mpaka leo hapiti mlangoni kwetu. Wakamrudisha juu.

"Mimi si kabati," akasema alipopata pumzi. "Nitabebwa na niliyembeba, ama sibebwi kabisa."

Aliyembeba ni mmoja tu. Kesho yake Fundi akainama, mama akampanda mgongoni. Sasa, mama mkwe wangu si mwepesi, nasema hivi kwa heshima zote. Ni mwanamke aliyekula vizuri na hakujutia. Fundi alishuka vidato kumi na saba. Cha kumi na nane hakukiona. Akakaa chini mzimamzima na mama yake mgongoni, uso umekuwa rangi ya majivu, anatafuta hewa kama imefichwa mahali. Mama akavua kilemba akawa anampepea. Ilibidi arudi juu kwa makalio, kidato kimoja kimoja, huku akimtia moyo mwanawe aliyekuwa anamfuata kwa magoti. Nyonga ikamuuma siku tatu, hakuruhusiwa kujaribu tena kwa mtindo huo.

Siku ile Fundi hakula. Alikaa anaitazama sahani. Aliona aibu, na mimi nilimwonea huruma, na kwa kuwa huruma sijui kuionyesha nilimwambia avae shati, asije akatuletea na mafua.

Asubuhi yake nikamtuma zahanati akapimwe presha kabla hajajiua. Alipokuwa huko, akaja dukani mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, dada wa miaka ishirini na saba hivi, mwenye mapaja ya kazi. Alileta saa yake ya kuhesabia sekunde, ile ya mviringo inayovaliwa shingoni kwa kamba.

"Mshale wake unasitasita," akasema. "Unakwenda, unaganda, unakwenda. Fundi aiangalie, hakuna haraka. Nasafiri na wanafunzi, tuna mashindano, nitarudi baada ya mwezi na kitu."

Nikaipokea. Nikatafuta uzi mwekundu, hakuna. Wa mwisho nilikuwa nimeumalizia kwenye gauni la mtu, na Mama Vifungo hakuagiza mwingine, ataagizaje na kibanda anafunga. Basi nikaifunga uzi mweupe, wa muda tu. Nikaitundika safu ya chini, kwa sababu mimi ni mfupi na ile ya juu siifikii bila kupanda stuli. Nikajiambia Fundi akirudi nitamweleza.

Sikumweleza. Yule mwalimu ndiye aliyenisahaulisha, kwa sababu kabla hajaondoka nilimsimulia habari ya ngazi, naye akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mumeo si mgonjwa," akasema. "Hajazoea tu. Mlete leo jioni ukumbini kwetu. Tunafanya mazoezi ya vipindi. Unajituma kwa nguvu zako zote sekunde ishirini, unapumzika arobaini, unarudia. Muda mfupi, lakini moyo unajifunza."

Fundi akarudi, presha nzuri, muuguzi kamruhusu aanze taratibu. Nikamwambia jioni ana miadi. Hakuuliza na nani, mtu mwenyewe hajui kukataa.

Nilikwenda naye, nikakaa kwenye benchi la nyuma kushuhudia. Ukumbini kulikuwa na wanawake kumi na wanane, mume wangu, na ukutani maandishi makubwa ya rangi: PENYE NIA PANA NJIA. Muziki ulikuwa wa kuvunja vioo. Mwalimu akapuliza filimbi, wote wakaruka. Fundi akatazama kwanza wanarukaje. Alipoelewa, filimbi ya kupumzika ikalia, na yeye ndiyo kwanza anaruka. Wenzake wakilala kifudifudi, yeye wima. Wakiinuka, yeye ndiyo anatafuta pa kulala. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yake alimkanyaga mkono, akaomba radhi, akamkanyaga tena. Raundi ya tatu Fundi alijilaza chali katikati ya ukumbi, akakunja mikono kifuani kama anayesubiri kuoshwa. Mimi nilicheka mpaka benchi likahama. Nilitubu baadaye.

"Pale sirudi," akasema njiani.

Mwalimu alikuwa ameshamwelewa. Alimwandikia kikaratasi: apande ngazi za kwetu mbio sekunde ishirini, apumzike arobaini akishuka polepole, hiyo ni raundi moja. Siku tatu kwa wiki, akianza na chache. Chini akaandika: ukiweza nane bila kufa, mbebe mama. Kesho yake akasafiri na wanafunzi wake.

Mtu mwingine angesoma pale akaelewa kwamba dada wa watu anatania. Fundi alisoma kama hati ya mahakama. Akakibandika kikaratasi ukutani, akageukia safu ya chini ya misumari, safu ya zilizopona, akatoa ile saa ya shingoni.

"Hii ya nani?"

"Ya mwalimu wa michezo," nikamjibu, pini zimejaa mdomoni.

"Nitaiazima, akirudi nitamwambia. Haitakuwa na neno, ni kazi yake hiihii."

Mimi pini mdomoni, mkono kwenye pindo la mtu, akili sijui wapi. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Wa kwangu alikuwa anajinyoa kwa wembe mbovu ambao mkewe ameuchanganya na zilizo nzima, na mke mwenyewe amekaa palepale anashona.

Siku ya kwanza aliweza raundi mbili. Ya kwanza alirudi anahema, ya pili alirudi ameshika ukuta, akakaa mlangoni, miguu nje, kiwiliwili ndani.

"Sekunde ishirini," akasema alipoweza. "Mke wangu, sikujua sekunde ishirini ni ndefu hivi. Miaka yote hii nazitengeneza, sikuzijua."

Nikayapa jina: mazoezi ya kufa na kufufuka. Jengo zima likalichukua. Asubuhi ungesikia wa ghorofa ya pili anamuuliza wa tatu kama marehemu keshapita. Fundi hakujali. Alikuwa anapita milangoni mwao, macho kwenye saa, bukta inapepea, mshale unakwenda na yeye anakwenda nao. Nilipomwona wiki ya pili anatoka kwenye raundi ya tatu akiwa wima, nilijikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nimefurahi kama mjinga.

Wiki ya tatu akafika raundi nne, wiki ya nne tano. Na hapo kwenye tano akagonga mwamba. Wiki ya tano, tano. Akijaribu ya sita, mapaja yanakataa, macho yanaona nyota. Nikamwambia tano zinatosha, ajaribu kumbeba mama tuone.

"Imeandikwa nane," akasema.

"Imeandikwa na mtoto wa juzi, tena kwa mzaha."

"Saa ikipungua meno matatu haiendi, mke wangu. Tano si nane."

Sasa bishana na mtu huyo. Kilichomtisha si hesabu, nilikijua. Alikuwa anaogopa kidato cha kumi na nane, anaogopa mama yake ampepee tena mbele ya majirani.

Jumanne ya wiki ya mwisho, Mama Vifungo akavuka barabara kwa hatua zake za kumtaja Mungu. Akasema gari la kumchukua, lililokuwa lije Jumapili, litakuja Alhamisi asubuhi, binti kaagizwa kazini. Fundi alisikiliza na kioo jichoni. Alikitoa, akakifuta, akakiweka mezani.

"Mama Vifungo," akasema, "usimsubiri mama. Sitaweza. Nimejaribu, nimeishia tano."

Mama Vifungo hakujua tano ya nini. Alinitazama, nikatazama cherehani. Akatoka bila kuaga, na kutokea dirishani nilimwona amesimama chini ya baraza yetu, ameinua uso juu, shingo imepinda, anatafuta kitu cha kumwambia mwenzake. Sikusikia alichosema. Kikapu siku hiyo hakikuteremka.

Nilimchukia mume wangu kwa muda wa kama nusu saa. Kisha nikamwona anavyoitazama mikono yake mezani, chuki ikaisha.

Alasiri hiyohiyo mlango ukafunguka, akaingia mwalimu wa michezo, kaungua jua, kavaa medali ya mtu.

"Fundi, saa yangu imepona?"

Fundi akaishika pale kifuani, akaona haya kidogo. "Imepona siku nyingi. Samahani, niliiazima, ndiyo ninayofanyia mazoezi."

Mwalimu akaitazama. "Na mshale hausiti tena?"

"Unasitaje?"

Mwalimu akatoa simu, akaifungua upande wa kuhesabu. Akabonyeza vyote viwili pamoja. Tukainama watatu juu ya meza. Mshale ukaenda, ukaganda pale kwenye saba kama umesahau kitu, ukaenda, ukaganda. Ulipofika ishirini, simu ilikuwa inasema thelathini na nne. Wakarudia. Thelathini na nne.

Fundi akaichukua ile saa, akaigeuza, akaugusa ule uzi mweupe.

"Hii niliifungua," akasema taratibu. "Kama ina uzi mweupe niliifungua, nikaifunga, nikasema imepona. Na mimi ndiye niliyeitazama wiki tano nisione." Akaangalia vidole vyake. "Basi na mikono nayo imekwisha."

Jamani, kuna uongo mtamu na kuna unyamavu mchungu. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza na nisingegunduliwa mpaka naingia kaburini. Lakini nilimwona anavyovitazama vidole vile vilivyotulisha, nikashindwa.

"Hukuifungua," nikasema. "Niliipokea mimi, ulikuwa zahanati. Uzi mwekundu uliniishia, nikaweka mweupe. Nikasahau. Wewe saa hii hujawahi kuitia bisibisi."

Akanitazama. Nilisubiri anifokee, na nilikuwa na haki yote ya kufokewa. Akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo," akasema, "raundi zangu zilikuwa sekunde ngapi?"

Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikapiga hesabu palepale kwenye kitambaa cha suruali ya mtu. Raundi nane za sekunde ishirini ni mia moja na sitini. Raundi tano za sekunde thelathini na nne ni mia moja na sabini.

Fundi akasoma, akasoma tena kuanzia juu. Akaweka kidole chini ya mia moja na sabini.

"Nimepita," akasema.

"Umepita."

"Nimepita nane."

Na palepale mkono wangu wenye chaki ukaganda, maana niliona kilichobaki. Alipumzika kwa nini? Kwa saa hiyohiyo. Arobaini zake nazo zilikuwa sekunde sitini na nane. Alivyorefusha kukimbia ndivyo alivyorefusha kupumzika, ngoma droo. Nilipoinua macho, mwalimu wa michezo naye ameshaliona, mdomo uko wazi, neno linatoka. Nikamkanyaga mguu. Sikumkanyaga kwa bahati mbaya kama yule mama wa ukumbini.

"Hongera sana, Fundi," akasema mwalimu, machozi yanamlenga.

Nikafuta ile chaki kwa kiganja.

Jioni nilipopanda, nilimkuta mama mkwe amekaa pale anapokaa kila asubuhi, karibu na mlango, chini ya saa ya ukutani. Nilimsimulia yote. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Saa mbovu nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Nasikia miguu yake ikipanda, natazama ukutani. Thelathini na tatu, thelathini na nne. Nikasema mwanangu kajiua leo."

"Na hukusema?"

"Mwanangu ni fundi saa. Nimwambie saa yake mbovu, mimi nimesomea wapi?" Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Na kupumzika je? Nako si kulirefuka?"

"Nyamaza, Mama."

"Nimeshanyamaza," akasema, akaanza kucheka, cheko la mtoto aliyeficha kiatu cha mgeni. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na tuna miaka yetu ya kutopendana.

Jumatano nilishona. Nilichukua turubai, nikakata mikanda ya mabega na kikalio, nikapiga nyuzi mara tatu kila pindo. Mama mkwe aliposhika ile kazi akaigeuzageuza.

"Mbeleko," akasema.

"Ni mkanda wa kubebea, Mama."

"Ni mbeleko. Ya kwako wewe mtoto ilikuwa kitambaa cha pazia," akamwambia mwanawe, "na uliikojolea yote. Mimi nitajitahidi."

Alhamisi asubuhi Fundi akanivika shingoni ile saa. Ameshaisafisha, sasa mshale ulikuwa unakwenda kama mwanajeshi.

"Ishirini nashuka, arobaini napumzika," akasema. "Utaniambia wewe. Mimi sitaangalia chochote ila miguu."

Akainama. Tukamfunga mama mgongoni, mikanda ikalia, haikukatika. Nikabonyeza.

Alishuka polepole, mkono mmoja kwenye ukingo, anatafuta kila kidato kwa unyayo kabla hajakiamini. Tisa, mpaka pale ngazi zinapokunja. Nikasema pumzika. Akaegemea ukuta, anahema. Saa ikafika arobaini, nikamtazama kifua, nikasema bado. Ilipofika sitini na tano nikasema twende. Ndivyo nilivyofanya kila mahali. Ishirini zilikuwa ishirini, arobaini zilikuwa za kwangu. Na mama mkwe huko juu akawa anahutubia kila mlango tunaopita: huyu ukuta wake mchafu, yule kabadilisha pazia bila kumwambia. Tulipofika kidato cha kumi na nane, kile kilichomshinda, Fundi alikipita bila kukiona. Mimi nilikiona, na mama mkwe alikiona, maana ndipo pekee aliponyamaza.

Mwisho wa vidato tisini kulikuwa na mwanga, na majirani wamejipanga, hata yule wa chafya. Fundi akavuka barabara na mama yake mgongoni. Gari lilikuwa limeshapakiwa. Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye sanduku mbele ya kibanda kitupu. Tukamfungua mama mkwe, tukamkalisha ubavuni pake.

Wakatazamana.

"Umenenepa," akasema Mama Vifungo.

"Na wewe meno umeyaacha wapi?"

Baada ya hapo wakagombana. Naapa, nusu saa nzima. Mama Vifungo alikuwa anadai subana yake, kile kikofia cha chuma cha kidole cha kushonea, ambacho anasema mama mkwe alimwibia mwaka wanangu hawajazaliwa. Mama mkwe akakana kwa majina yote matakatifu. Fundi alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, mapaja yanamtetemeka yenyewe, anawasikiliza huku anatabasamu kama aliyelewa. Mimi Mama Vifungo alinipa kifurushi.

"Nimevikuta chini ya sanduku nikifunga," akasema. "Chukua, mwanangu."

Vibunda sita vya uzi mwekundu.

Dereva akapiga honi. Binti akashuka akasema, "Mama, muda." Wale wawili wakashikana mikono. Honi ya pili. Mama mkwe akaingiza vidole kifuani, akatoa kitu kidogo, akakitia kwenye kiganja cha mwenzake, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. Mama Vifungo alipokifungua, kilikuwa kile kikofia cha chuma, kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Mwizi mkubwa wewe," akasema, na sauti ikamkatika.

Gari likaondoka. Tukalitazama mpaka likapinda.

Kupanda ni habari nyingine, nani asiyejua. Fundi akainama, tukamfunga mama, nikabonyeza saa. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Mama mkwe hakuhutubia mlango wowote. Alikuwa ameweka shavu lake kwenye shingo ya mwanawe kama anayesinzia. Ya tatu. Tulipofika ya nne Fundi akaegemea ukuta, anahema kwa nguvu lakini kichwa kiko juu.

"Jasho hilo," akasema. "Mama, unaona, limenitiririka mpaka kwenye kola. Samahani, nimekulowesha."

"Si kitu," akasema mama mkwe, sauti ndogo. "Pumzika tu, mwanangu."

Mimi nilikuwa nyuma yao, vidato viwili chini. Niliona lile halikuwa jasho, na halikuwa la kwake. Mabega ya mama yalikuwa yanatikisika ndani ya mbeleko bila kutoa sauti.

"Bado tu?" Fundi akauliza. "Mbona kama zimepita arobaini?"

Nikaitazama saa. Ilikuwa imevuka tisini, na ilikuwa nzima kabisa.

"Bado," nikasema.